Barua ya wazi: Ukaguzi wa umeme usiishie kwenye soketi

Kwa: Wakuu wa TBS (viwango), EWURA (udhibiti wa nishati), TANESCO (shirika la umeme), OSHA (usalama mahali pa kazi) na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Mwanza na Kanda ya Ziwa

Nakala: Tume ya Ushindani, VETA (mafunzo ya ufundi), Halmashauri ya Jiji la Mwanza, Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela

Yah: PAWA KEBO ZA KUCHOMOA ZINAZOUZWA NA KUTUMIKA BILA MWENYE KUZIANGALIA

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Kirumba. Mezani kwangu zinapita redio, sabufa, kompyuta za stationery, majagi ya umeme, majiko ya wali na mizani za kidijitali kutoka soko la samaki la Mwaloni. Nawaandikia kuhusu waya ambao hauna mwenyewe.

Nyumba ikijengwa, mnajua utaratibu kuliko mimi. Kazi ya kutandaza nyaya inatakiwa ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, anajaza fomu na kugonga muhuri, TANESCO wanajiridhisha ndipo wanavuta umeme. Hiyo ni sehemu ya ukutani. Upande wa pili kuna kifaa chenyewe, nacho kina viwango vyake TBS. Katikati, kati ya soketi na kifaa, kuna waya wa mita moja na nusu unaochomoka pande zote mbili: huku plagi, kule mdomo wa matundu unaoingia nyuma ya kompyuta au ubavuni mwa jagi. Huo ndio pawa kebo. Fundi wa nyumba anasema si wake, maana kazi yake imeishia ukutani. Aliyeleta kifaa anasema waya uliokuja kwenye boksi ulikuwa mzuri, huo wa sasa mteja kajinunulia. Muuzaji anasema yeye anauza tu. Na kwa kuwa unachomoka, ndiyo kitu cha kwanza kupotea, kuazimwa na kubadilishwa.

Waya uliofungwa moja kwa moja ndani ya kifaa, kama wa friji au feni, mtu habadilishi mpaka aende kwa fundi. Huu wa kuchomoa anabadilisha yeyote, hata mtoto wa darasa la tatu. Kwa hiyo uzima wa kifaa cha laki nane unategemea waya wa bei ya sahani ya chipsi, ulionunuliwa juu ya turubai kando ya barabara.

Niwaonyeshe kilichomo ndani. Waya wa aina hii ukiandikwa 3 x 0.75 maana yake una nyaya tatu ndani, kila mmoja na shaba ya milimita za mraba 0.75. Kwa kawaida hiyo ni nyuzi 24, kila uzi na unene wa milimita 0.2. Nikipasua pawa kebo za bei ya chini zinazoletwa kwangu zikiwa zimeungua, maandishi ya nje yanasema 0.75 vizuri kabisa, herufi zimenyooka. Ndani nahesabu nyuzi, hazifiki hata nusu. Halafu nachukua sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa, nazisogezea. Zinanata. Shaba hainati kwenye sumaku. Huo ni waya wa chuma uliopakwa rangi ya shaba kwa juu. Nyingine hazinati lakini ukikwangua kwa wembe unakuta weupe: ni aluminiamu. Aluminiamu inapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 tu ya shaba, na chuma kiko chini zaidi ya hapo.

Na kuna zile ambazo plagi ina pini tatu, mdomo una matundu matatu, lakini katikati zimepita nyaya mbili tu. Arthi, ule waya wa tatu unaopeleka ardhini umeme unaovuja, haipo. Mnunuzi ataijuaje? Kwa nje imekamilika. Hata mimi siwezi kujua kwa macho, mpaka niweke mita.

Sasa hesabu, maana najua mtaniuliza kama ni jambo la kusumbua ofisi. Jagi la wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 230 linavuta karibu ampea 8.7. Kwenye waya halali wa 0.75, wenye urefu wa mita moja na nusu, joto linalopotea ndani ya waya wenyewe ni kama wati 6. Hutalisikia. Ukiweka waya wenye robo ya shaba hiyo, ukinzani unakuwa mara nne na joto linakuwa wati 24. Pasi ya kulehemu ninayoyeyushia risasi mezani ni ya wati 30. Ni kweli, joto la waya linasambaa urefu mzima, halikai ncha moja. Lakini waya huo ukiukunja na kuufunga kwa rababendi nyuma ya kabati, joto linakosa pa kwenda. Na pale pini inapocheza kwenye mdomo halisambai kabisa, linakaa hapohapo. Ndiyo maana pawa kebo nyingi zinazoletwa kwangu zimeungua mdomoni, plastiki imekuwa ya kahawia na inanuka.

Mtaniambia kuna breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Breka ya soketi majumbani mara nyingi ni ya ampea 20 au 32. Iliwekwa pale kuulinda waya wa ukutani, ambao ni mnene. Haijui habari za kauzi kako kanakoungua nyuma ya televisheni. Ndiyo sababu Waingereza, walipotunga kiwango cha plagi yao ya pini tatu za mraba mwaka 1947, kiwango ambacho ndicho tunachotumia sisi, Kenya na Uganda, waliweka fyuzi ndani ya plagi yenyewe. Ile fyuzi kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya unaotoka kwenye plagi. Waya mwembamba unatakiwa fyuzi ya ampea 3, mnene ampea 13. Nendeni dukani leo mkaombe fyuzi ya ampea 3. Mtauziwa ya 13, kwa sababu ndiyo iliyopo, na muuzaji atawahakikishia kwamba "ni kubwa, ina nguvu zaidi." Wengine hawafiki hata hapo, wanazungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Halafu kuna plagi za pini mbili za duara zinazokuja na vifaa vya kutoka nje. Kila mtu hapa mjini anajua namna ya kuichomeka: unachukua kifuniko cha kalamu, unasukuma kwenye tundu la juu la soketi, vizuizi vinafunguka, unapachika. Kile kizuizi kiliwekwa ili mtoto asiingize msumari. Plagi hiyo haina fyuzi. Kama kifaa kina bati la nje linalohitaji arthi, haipati. Soketi yenye kizuizi na arthi imegeuzwa matundu mawili tu ya umeme, na kalamu imebaki inaning'inia.

Kitu kinachoniuma kuliko vyote ni arthi. Wenye stationery wananiletea kompyuta wakilalamika kwamba "inapiga shoti kidogo" ukigusa bati lake. Wamezoea. Mhudumu anavaa ndala, anaweka na boksi chini ya miguu, kazi inaendelea. Nafungua kompyuta, nzima kabisa. Ndani ya kisanduku chake cha umeme kuna kapasita mbili ndogo zinazochuja uchafu wa umeme na kuumwaga kwenye arthi. Arthi isipokuwepo, bati la kompyuta linaelea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani, kama 115. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unatekenya tu. Nabadilisha pawa kebo, naweka yenye arthi ya kweli, ninahakikisha soketi nayo inayo, kutekenya kunakwisha. Mteja anauliza nimebadilisha nini. Waya tu.

Lakini siku kitu kingine ndani ya kifaa kikigusa bati, kwa mfano waya wa moto, ule wenye umeme, ukichubuka, hakitakuwa cha kutekenya tena. Na yule mhudumu aliyezoeshwa kwamba kupigwa shoti kidogo ni tabia ya mashine hatashtuka mapema.

Mwanza tuna la ziada. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Nyumba za milimani, Igogo, Mabatini na kwingineko, fundi anapigilia fimbo ya arthi, inaingia kidogo inagonga jabali. Wapo wanaotafuta mahali pengine penye udongo, wapo wanaoikata ibaki fupi, na wapo wanaoilaza chini na kuifukia. Jiwe la granaiti halipitishi umeme vizuri hata ukiligusa. Kwa hiyo arthi yetu ni dhaifu tangu ardhini, halafu kile kidogo kilichobaki tunakikata kwa pawa kebo ya nyaya mbili. Kwenye nyumba kama hizo ile breka inayohisi umeme unaovuja, ya miliampea 30, ingekuwa lazima na si anasa. Nalitaja kwa kupita, lina barua yake.

Na tuna ziwa. Nendeni Mwaloni asubuhi, samaki wakishushwa. Sakafu imelowa, mikono imelowa, miguu kwenye maji ya barafu, na mizani imewekwa juu ya meza ya chuma. Waya wake umeungwa kwenye ekstensheni, ekstensheni imeungwa kwenye nyingine, kiungo kimefungwa mfuko wa nailoni mweusi na kulazwa juu ya tofali ili kisiguse maji. Aliyefunga ule mfuko alijua hatari, akafanya aliloweza. Hajapewa namna nyingine, na hakuna aliyemwambia kwamba waya wa kuchomoa wa ofisini, wenye mdomo ulio wazi, haukutengenezwa kwa ajili ya sehemu ya maji hata ungekuwa wa shaba tupu.

Mdomo wenyewe una sheria zake, na hapa naomba uvumilivu kidogo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60320 kimepanga midomo hii kwa namba. Ule wa kawaida wa kompyuta ni C13, wa ampea 10, nao umekusudiwa pini zisizozidi nyuzi joto 70. Wa jagi na vitu vya moto ni C15, umbo lilelile ila una kifuo kidogo, yaani kijifereji, chini, nao unahimili nyuzi 120. Wa mashine kubwa ni C19, wa ampea 16, ni wa mraba zaidi. Waliotunga walifanya jambo la akili: waya wa jagi unaingia kwenye kompyuta, lakini waya wa kompyuta haukubali kuingia kwenye jagi, kwa sababu jagi lina kijiti kinachozuia. Yaani hata asiyejua kusoma analindwa na umbo. Sisi tumefanyaje? Tunachukua kisu, tunakipasha moto, tunachonga kifuo. Wateja wananiletea midomo iliyochongwa hivyo na kunisifia fundi aliyewachongea. Kisa ni kwamba waya wa C15 ni adimu madukani, ila wa kompyuta umejaa kila kona.

Umbo hilo lina jambo jingine. Upande wenye umeme ni wa matundu siku zote, na pini ziko upande usio na umeme. Ukichomoa waya nyuma ya kifaa, hakuna chuma chenye umeme kinachobaki wazi. Sasa kuna waya mmoja unaotengenezwa hapa mjini kwa oda, wa plagi huku na plagi kule. Umeme ukikatika, mtu anawasha jenereta, anachomeka upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi yoyote ya nyumbani, nyumba nzima inawaka. Nimeombwa kuutengeneza, nimekataa, mteja akaenda mbele kidogo akatengenezewa. Ile plagi ikichomoka kwa bahati mbaya, pini zake ziko hai mkononi. Na mwenye nyumba akisahau kuzima meni swichi, umeme wa jenereta unarudi kwenye nguzo, unapanda kupitia transfoma na kutoka kwa volti za laini kubwa, wakati kijana wa TANESCO yuko juu akiamini laini imekufa. Wenzetu wa TANESCO, huyo ni mtu wenu.

Wengine wamelifanyia kazi jambo hili zamani. Marekani wana kanuni yao ya umeme, NEC, iliyotolewa mara ya kwanza 1897 na hupitiwa kila baada ya miaka 3. Ibara yake ya 400 inahusu nyaya laini za namna hii: inasema wapi zinaruhusiwa, na inakataza kuzitumia badala ya waya wa kudumu wa jengo, au kuzipitisha ukutani, darini, mlangoni na dirishani. Uingereza, tangu kanuni zao za mwaka 1994, kifaa cha nyumbani hakiuzwi bila plagi inayofaa yenye fyuzi inayolingana na waya wake. Siombi tunakili ya watu neno kwa neno. Nyumba za kupanga za Mabatini, chumba kimoja soketi moja, haziwezi kuishi bila ekstensheni, na anayekataza tu bila kuongeza soketi anapoteza muda wake. Nataka tuone kwamba huko waya huu unatajwa kwenye sheria kwa jina lake.

Ombi langu kwa TBS ndilo kubwa kuliko yote. Naomba pawa kebo ihesabiwe kuwa bidhaa kamili inayojitegemea, si kikorokoro kinachosindikiza kifaa. Mkija sokoni kuchukua sampuli, nunueni pawa kebo kama mnavyonunua mafuta ya kula na saruji, mkazipasue, mkahesabu nyuzi, mkapime arthi, halafu mtangaze kwa majina ya chapa zipi zimefeli. Redio za hapa Mwanza zitasoma bure. Na pakiti iandikwe kwa Kiswahili: ampea ngapi, ya kifaa gani, ina arthi au haina. Viwango vingi viko kwa Kiingereza. Fundi wa mtaani hajawahi kuviona, seuze mnunuzi.

Msianze na machinga. Nawaomba sana. Mama mwenye turubai hajui kilichomo ndani ya plastiki, na mkimnyang'anya mzigo wake kesho atakuja na mwingine uleule kwa sababu ndio unaoletwa. Mzigo unaingia kwa makontena, kwa mtu mwenye namba ya mlipakodi na wakala wa forodha. Tume ya Ushindani mna meno kwenye bidhaa bandia, na TBS mna Sheria ya Viwango ya 2009. Muanzie huko juu.

OSHA na Zimamoto, nyinyi ndio mnaoingia ndani ya maeneo ya biashara kwa mujibu wa sheria. Ukaguzi usitosheke na tarehe ya mtungi wa kuzimia moto. Mkaguzi akiinama chini ya meza dakika mbili ataona mengi: mdomo wa kahawia, kalamu kwenye soketi, ekstensheni iliyopigiliwa misumari ukutani kama waya wa kudumu. Kikaguzi cha mfukoni cha kupimia pawa kebo kama ina arthi si kifaa cha gharama. Mimi ninacho cha kujiundia, taa tatu na betri.

EWURA na VETA, kuna mafundi wengi kama mimi ambao hatufungi nyaya za nyumba, hivyo hatuko kwenye leseni zenu, lakini sisi ndio tunaokata na kuunga nyaya hizi kila siku. Tupeni kozi fupi ya siku chache, ya jioni, pale Nyakato, kwa ada tunayoimudu. Mkishatufundisha, mtubane. Fundi anayetengeneza waya wa plagi mbili baada ya kufundishwa hana cha kujitetea.

Na halmashauri zote mbili: Mwaloni panahitaji soketi za nje zisizoingiza maji, zilizofungwa juu ya usawa wa meza, zenye breka ya uvujaji. Ushuru wa soko unakusanywa kila siku. Nguzo chache zenye soketi za namna hiyo zingeondoa ile mifuko ya nailoni yote.

Waheshimiwa, naomba mjibu kwa maandishi, kila ofisi ikitaja sehemu yake, maana hofu yangu ni kwamba barua hii itazungushwa kutoka mlango hadi mlango kama waya wenyewe. Sampuli za nyaya zilizopasuliwa ninazo, nimezifunga kwa mafungu: za chuma, za aluminiamu, na zile zisizo na arthi. Atakayezihitaji kwa ajili ya maabara nitampa bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa vifaa vya umeme
Kirumba, Mwanza